Mahali pa Kuisubiri Treni

Wengi wanaoanza kupiga picha za treni huanzia stesheni, kisha hushangaa kwa nini picha zao zote zinafanana: migongo ya abiria, mizigo, nguzo za taa, na kichwa cha treni kilichokatwa nusu. Stesheni ni mahali pa kupandia treni. Treni inayokatiza nchi huonekana vizuri zaidi kule mashambani, kwenye mbuga au kwenye kona ya bonde, ambako haigombei nafasi na kitu. Tatizo ni kwamba reli ni ndefu. Reli ya TAZARA peke yake ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na nyingi kati ya hizo hazimsaidii mpigapicha kwa lolote: vichaka pande zote mbili, tuta, na anga juu yake. Kazi ni kuzipunguza kilomita hizo mpaka ubaki na mita chache za kusimama.

Kipimo cha kwanza ni rahisi, ingawa wengi hukiruka. Ukifika mahali unapodhani panafaa, piga picha reli ikiwa tupu, kisha uiangalie bila haraka. Je, kuna kitu humo ambacho ungemwonyesha mtu? Mlima, mto, mbuyu uliosimama peke yake, reli inayoingia kona na kupotea? Kama hakuna, treni haitakuokoa. Treni ya umeme ya SGR ya Tanzania imejengewa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, yaani kama mita 44 kila sekunde. Treni yenye urefu wa mita 200 ikienda kwa mwendo huo humaliza kukupita kabla ya sekunde tano kwisha. Katika muda huo huwezi kufyeka kichaka, wala kuhamisha choo cha mabati kilichochomoza nyuma ya behewa la tatu. Chagua picha kwanza, halafu iachie treni nafasi yake.

Baada ya hapo fikiria jua, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo ushauri wa kuazima unapotupoteza. Vitabu vingi vya upigaji picha za treni vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Ndiyo maana utasoma humo kwamba mpigapicha asimame kusini mwa reli. Kwetu neno hilo ni kweli kwa miezi michache tu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la mchana hupita kaskazini mwa utosi; miezi inayobaki, hadi mwisho wa Februari, hupita kusini. Nairobi iko jirani kabisa na ikweta, kwa hiyo huko mabadiliko hutokea katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Maana yake ni kwamba mahali palipokupa picha nzuri mwezi Juni panaweza kukupa ubavu wa treni uliojaa kivuli mwezi Desemba, saa ileile na treni ileile. Dawa yake ni kuvuka na kusimama upande wa pili.

Kuna pia uso wa treni. Reli ya kati, ya zamani na ya SGR, kwa sehemu kubwa hutoka mashariki kwenda magharibi. Asubuhi, treni inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ina jua mgongoni. Ukiipiga kwa mbele utapata uso mweusi na taa mbili. Inayokuja Dar es Salaam saa hizo hizo inalitazama jua, na uso wake unang'aa. Jioni mambo hugeuka. Kwa hiyo, kabla hujauliza treni inapita saa ngapi, uliza inaelekea wapi. Mpigapicha mwenye asubuhi moja tu ya Jumamosi aikusudie treni inayokuja pwani, ile inayoondoka pwani aitumie kwa mazoezi.

Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mawingu, jua letu linapiga kutoka juu. Paa za mabehewa huwaka, ubavu huwa giza, na hewa juu ya kokoto hucheza kwa joto hadi lenzi ndefu haiwezi kutoa picha kali. Mimi saa hizo ni za kutafuta mahali pa kesho. Siku ya mawingu ya masika ni habari nyingine: mwanga huwa laini mchana kutwa, na majani yana kijani ambacho hukipati tena hadi mwaka unaofuata.

Mlima ukiwa karibu, huwa ndio unaokupangia saa. Chukua Morogoro. Milima ya Uluguru iko kusini mwa mji, na stesheni ya SGR iko upande wa kaskazini, Kihonda. Ukisimama kaskazini mwa reli ukatazama kusini, treni inapita mbele yako na Uluguru inainuka nyuma yake. Sasa kumbuka jua: kuanzia Machi hadi mapema Oktoba liko kaskazini, yaani mgongoni kwako, likimulika treni na mlima pamoja. Miezi mizuri kupita yote ni Mei hadi Julai, mvua zikiwa zimeosha hewa na mioto ya nyika bado haijaanza. Ikifika Septemba, moshi na vumbi huweza kuumeza mlima mzima ukabaki na ukungu wa kijivu.

Ukiwa kati ya Moshi na Arusha hesabu hiyo inapinduka. Kilimanjaro iko kaskazini mwa reli, kwa hiyo unasimama kusini, na miezi ya jua la kusini ndiyo inayokufaa. Januari na Februari zina faida ya ziada, kwani mvua za vuli zimekwisha na mlima hujitokeza mara nyingi zaidi. Hata hivyo usiutegemee baada ya saa nne asubuhi. Mawingu huupanda mapema. Treni za huko ni chache, na hilo lina uzito wake: ukiwa na treni chache na mlima unaojificha, uwezekano wa viwili hivyo kukutana ni mdogo. Anayeishi Moshi anaweza kusubiri. Anayesafiri kutoka mbali afikirie mara mbili.

Mifano mizuri kuliko yote ni miwili inayopingana. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikishapita Korogwe na Mombo huambaa na milima ya Usambara, kisha ya Upare, milima ikiwa upande wa mashariki. Asubuhi jua hutokea nyuma ya milima, na nchi yote ya chini yake hukaa kivulini kwa muda. Alasiri jua la magharibi huipiga milima usoni, kila bonde na kila mkunjo ukaonekana. Mtu wa huko asubiri jioni, asimame magharibi mwa reli. TAZARA nayo, ikipita Mang'ula kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ina milima upande wa magharibi na bonde la Kilombero upande wa mashariki. Pale asubuhi ndiyo yenyewe: unasimama upande wa bonde, msitu unawaka kijani nyuma ya mabehewa. Ukichelewa hadi jioni, jua linazama nyuma ya mlima kabla ya wakati wake na kivuli kinaifunika reli huku wewe ukidhani bado una saa nzima.

Nikihamia kwenye umbo la reli yenyewe, nakiri upendeleo wangu kwa reli za zamani. Wajenzi wa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hawakuwa na mitambo ya kukata milima ovyo, kwa hiyo reli yao ilijipinda na ardhi, ikifuata mito na kuzunguka vilima. Kona zile humchelewesha dereva na humneemesha mpigapicha. SGR imejengwa kwa ajili ya mwendo, hivyo imenyooshwa: palipo na kilima kimekatwa au kimetobolewa handaki, palipo na bonde limewekwa daraja au tuta. Bonde la Mkondoa, upande wa Kilosa, linakuonyesha tabia zote mbili. Ya zamani inakwenda na mto, na mto umeiadhibu kwa mafuriko mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe. Mpya inapita kwenye mahandaki.

Kwenye kona, jiulize uko ndani yake au nje. Ukisimama ndani ya kona, yaani upande inakopindia reli, utaona treni nzima ikijikunja, kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho. Ukisimama nje, utapata uso unaokujia moja kwa moja huku mkia ukipotelea nyuma. Treni fupi ya abiria hupendeza kwa nje. Treni ndefu ya mizigo ipige kutoka ndani, maana urefu ndio habari yake.

Tuta ni adui anayedharauliwa. SGR ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, imeinuliwa juu ya tuta sehemu nyingi za Tsavo. Ukisimama chini karibu nalo, unapiga magurudumu, udongo mwekundu na anga jeupe. Rudi nyuma. Rudi mita 200, hata 300, mpaka tuta liwe mstari mwembamba na treni ikae juu yake kwa raha, au tafuta kilima kilicho sawa na reli kwa kimo. Wakenya wana bahati moja ambayo hawaitaji sana: treni zao za SGR zinatumia dizeli, kwa hiyo hakuna nyaya juu. Treni huchora umbo lake safi angani, twiga akipita itakuwa neema juu ya neema.

SGR ya Tanzania ni ya umeme, na nyaya zake zina volti 25,000. Kwa upande wa picha, tazama nguzo zimesimama upande gani. Penye njia moja, ukisimama upande usio na nguzo, hazitayakatiza mabehewa. Zitabaki nyuma yake, na jicho huzisamehe. Penye nguzo pande zote, piga kwa pembe kali ukiwa mbali kidogo, nguzo zijipange kama safu ya minazi badala ya kuikatakata treni vipande. Kwa upande wa uhai, uzio uliowekwa ni mpaka wako. Usiupande, usipitishe fimbo ya kamera juu yake, na ukiwa kwenye daraja la barabara linalopita juu ya reli usining'inize kitu chochote kuelekea nyaya, kwa kuwa umeme wa kiasi hicho unaweza kuruka bila kuguswa. Halafu treni ya umeme haina ngurumo ya kukuonya. Wanakijiji waliozoea kusikia dizeli ikiwa bado ng'ambo ya kilima wanajua tofauti hiyo. Mgeni anayetazama skrini ya simu yake hajui.

Reli zisizo na uzio zinataka nidhamu zaidi, maana hakuna wa kukuzuia. Hifadhi ya reli si shamba la mtu wala njia ya kupita. Utaona mawe ya mipaka. Kaa nje yake. Picha zinazopigwa kutoka katikati ya mataruma, mbali na kuwa kosa, kwa maoni yangu ni mbaya: zote zina reli mbili zinazokutana mbele, na dunia imeshaziona za kutosha. Watoto ni jambo la kutilia maanani kuliko jua. Kamera ikitoka kwenye begi, wanakuja. Treni ikisikika, wanakimbilia relini ili waonekane kwenye picha. Uwapange mapema upande wako, uwapige picha wao kwanza, uwaonyeshe, na umwombe mkubwa wao awashike pale walipo. Wasipotulia, funga kamera.

Hilo linatupeleka kwa wenyeji, ambao ndio watakaokupa mahali au wakunyime. Kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji. Kenya, pita kwa chifu au mzee wa kijiji. Shikamoo, jina lako, umetoka wapi, unataka kupiga treni kutoka shamba la nani. Mtu anayezungukazunguka reli na lenzi ndefu bila kuaga atatiliwa shaka, na wenye shaka wana haki: watu huiba vyuma vya reli, na madaraja ni mali nyeti ya nchi. Askari akikukuta, mwonyeshe picha, mwambie nani anakufahamu kijijini. Akikwambia hapa hapana, ondoka bila ubishi. Ukitaka stesheni, daraja kubwa au handaki, omba kibali kwa maandishi kwa shirika la reli lenyewe, na picha za kuuza zina taratibu zake. Droni ziache nyumbani mpaka uwe na vibali. Tanzania vinahusisha mamlaka ya usafiri wa anga na wizara ya ulinzi, na kando ya nyaya zile ni hatari hata ukiwa navyo.

Faida nyingine ya wenyeji ni saa. Ratiba iliyochapishwa hukwambia treni inatoka lini stesheni kubwa. Haikwambii inapita saa ngapi kwenye shamba la mzee huyu. Wafanyakazi wa genge, wale wanaotengeneza njia, wanajua. Mama anayeuza ndizi kivukoni anajua, tena anajua na siku ambazo treni huchelewa. Ukiona kiberenge cha ukaguzi kimepita, uliza kama kinatangulia treni. Na kumbuka kwamba reli zetu za zamani, pamoja na TAZARA, ni za njia moja. Treni mbili hupishana stesheni tu. Ukikuta treni ya mizigo imesimama kwenye stesheni ndogo, injini inanguruma na dereva amekaa kivulini, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyingine inakuja kutoka upande wa pili. Usiifuate ile iliyosimama. Kimbia kwenye mahali pako. Utapata zote mbili, ya pili ikifuata mara njia itakapokuwa wazi.

Ramani za setilaiti zitakupunguzia mafuta ya pikipiki. Google Earth itakuonyesha kona, madaraja na njia za mashamba. OpenRailwayMap ina mistari ya reli na majina ya stesheni. SunCalc inachora jua litakuwa upande gani, tarehe yoyote, mahali popote. Kitu ambacho hazitakuonyesha ni kimo cha mimea. Picha ya setilaiti inaweza kuwa ya Septemba, majani yameungua na nchi iko wazi. Ukifika Mei unakuta matete yaliyokupita kichwa. Kilombero ni mbaya zaidi, kwa sababu ya miwa: shamba lililovunwa hukupa uwanja mpana, na shamba hilohilo likikomaa hufunika mabehewa mpaka madirishani. Dodoma na Gulwe, nchi ya mibuyu, hazina taabu hiyo. Mbuyu usio na majani wakati wa kiangazi ni mzuri kuliko wenye majani, na ukiwekwa kando ya treni unaonyesha ukubwa wa vyote viwili.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Simu inatosha ukiwa mbali. Ukiwa karibu, treni iendayo kasi itaonekana imelala kwenye picha, kwa kuwa kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari huku treni ikiendelea kusogea. Kwenye kamera, kasi ya shata ya 1/1000 bado inaiacha treni ya kilomita 160 kwa saa isogee zaidi ya sentimita 4. Ikikupita ubavuni, panda hadi 1/2000. Ikikujia kwa pembe, 1/1000 hutosha. Treni ya reli ya zamani, inayojikokota kwa kilomita 40 au 50, hukubali 1/500 bila malalamiko. Funga fokasi mapema kwenye taruma au nguzo ambapo uso wa treni utakuwa, na usiiguse tena.

Mwenye nguvu na siku za kutosha aende TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja marefu. Barabara huko hazifuatani na reli, kwa hiyo panda treni, shuka kwenye stesheni ndogo, ongea na mkuu wa stesheni kabla hujatembea popote, na uwe na mahali pa kulala, maana treni ya kurudi inaweza kuwa kesho au keshokutwa. Beba maji na chakula. Kwa anayeanza, hiyo si safari ya kwanza. Mkazi wa Dar es Salaam aanzie Soga au Ruvu, ambako reli ya zamani na mpya ziko jirani na anaweza kurudi nyumbani jioni. Wa Nairobi aelekee Emali au Kibwezi, nje ya mipaka ya hifadhi za wanyama, kwa sababu ndani ya Tsavo hutaruhusiwa kushuka kwenye gari popote upendapo. Popote utakapofika, andika kwenye daftari jina la mahali, mwezi, saa, upande uliosimama na treni ilikuwa inaelekea wapi. Andika na jina la mwenye shamba.